Hesabu ya maji kwanza: mambo ya kuzingatia kabla ya kutoka Mwanza kwenda jangwa la Chalbi

Aliyekulia Mwanza hana mazoea ya kuhesabu maji. Bomba likikauka Kirumba au Igogo, ndoo huteremshwa ziwani, na hata katika safari ya kwenda Shinyanga au Tabora mtu hubeba chupa moja tu akijua kwamba stendi inayofuata atanunua nyingine. Kundi linalopanga kuendesha magari kwa siku kadhaa na kulala kwenye mahema katika jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kati ya mlima Marsabit na Ziwa Turkana, halina budi kuyaacha mazoea hayo nyumbani. Kutoka Mwanza hadi mji wa Marsabit ni zaidi ya kilomita 1000, kupitia Magu, Bunda, Tarime na mpaka wa Sirari, kisha Kisii, Nakuru, Nanyuki na Isiolo, na njia hiyo ni ya lami. Shughuli yenyewe huanza pale lami inapoachwa na gari kuelekea Maikona, Kalacha, North Horr na hatimaye Loiyangalani, ambako msafiri atakutana na ziwa kubwa ambalo maji yake ni ya magadi na hayafai kunywa. Mtu wa ukanda wetu akisimama hapo huona ziwa na moyo wake ukatulia, ilhali dumu lililo nyuma ya gari ndilo linalopaswa kumtuliza.

Hesabu ifanywe kwa kalamu, mbele ya kundi zima. Mtu mzima katika joto linalopita nyuzi 35, akiwa anachimba mchanga na kubeba mizigo, huhitaji lita 5 hadi 6 za kunywa kwa siku, na ukiongeza kupika, kunawa mikono na kusuuza vyombo kwa ubahili, usiandike chini ya lita 8. Tuseme mpo watu tisa katika magari matatu, na mnatarajia kuwa nje ya lami kwa siku tano: hapo mna lita 360. Ongezeni theluthi moja kwa ajili ya gari kuharibika au njia kufungwa na tope, mfikishe lita 480, yaani madumu 24 ya lita 20. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kila gari litabeba madumu manane yenye kilo 160 kabla ya kuweka hema, mtu wala mafuta. Watu wengi hushtuka wakifika kwenye hesabu hii, na ni heri washtukie Mwanza. Visima na chemchemi vipo Kalacha, North Horr na Loiyangalani, lakini vingine vina maji ya chumvi, na vyote vina wenyewe, kwani Wagabra na jirani zao hunywesha hapo ngamia na mbuzi kwa zamu. Maji ya kisima yahesabiwe kuwa nyongeza, wala yasipunguzwe kwenye lita 480.

Vyombo vya maji vinastahili maneno yake. Madumu ya njano yaliyokuwa na mafuta ya kula yanafaa yakioshwa vizuri, ila yasichanganywe kamwe na ya dizeli. Katika safari yetu ya kwanza tulinunua madumu sokoni bila kuyanusa, na siku ya pili ya jangwani tukafungua moja lililokuwa limewahi kuhifadhi mafuta ya taa. Chai ya asubuhi ile hakuna aliyeimaliza, na lita 20 nzima zikabaki kuwa za kunawia miguu. Tangu hapo kila dumu hujazwa maji wiki moja kabla, likafungwa na kuachwa juani, kisha mtu mmoja huonja na kulitia alama ya rangi nyeupe shingoni. Dizeli hukaa kwenye makopo ya chuma, upande mwingine wa gari. Maji yagawanywe sawasawa katika magari yote, kwa sababu gari moja likipotea halipaswi kupotea na maji ya wenzake, na yawekwe chini, karibu na katikati ya gari. Madumu yakipangwa kwenye keria ya juu, gari huyumba na linaweza kupinduka kwenye mteremko mdogo tu.

Majira nayo huamua mengi. Chalbi ni bonde tambarare la chumvi ambalo zamani lilikuwa ziwa, na mvua zinaponyesha, hasa Aprili na Mei na tena karibu na Novemba, sehemu zake hurudi kuwa tope zito. Panga safari Januari au Februari, au kati ya Juni na Septemba. Hata wakati wa kiangazi, ganda la juu huweza kuonekana gumu kama sakafu huku chini yake kukiwa na matope, ndiyo maana dereva mwenye busara hufuata alama za magurudumu zilizopo, na akitilia shaka huteremka na kutembea mbele akichoma ardhi kwa fimbo. Usalama nao hubadilika: wizi wa mifugo na ulipizaji kisasi huweza kufunga njia ambayo wiki iliyopita ilikuwa shwari, hivyo habari za mwezi uliopita zisitumike. Ulizeni polisi Marsabit asubuhi ya kuondoka, muulizeni chifu katika kila kituo, na mchukue kijana mwenyeji awe mwongozaji wa njia. Anajua Kigabra au Kirendille, anajua korongo lipi lina mchanga laini, na malipo yake ni madogo kuliko gharama ya kuvuta gari lililonasa kutwa nzima.

Kuhusu magari, kanuni ya kwanza ni kwamba msafara haupungui magari mawili, na matatu ni bora zaidi. Yakifanana aina itakuwa faida kubwa, maana spea za moja zitafaa jingine. Land Cruiser hardtop ya dizeli inapendwa huko kwa sababu fundi wa Marsabit anaifahamu kwa kufumba macho. Ipelekwe gereji mwezi mmoja kabla, si siku mbili kabla, ili bushi, shokabu, springi, rejeta na mipira yake, betri na mkanda wa feni vikaguliwe, kisha gari liendeshwe mpaka lijionyeshe kasoro zake likiwa bado hapa. Kwa mafuta, hesabu tangu Marsabit hadi mahali penye kituo cha uhakika upande wa pili. Mzunguko wa Kalacha, North Horr, Loiyangalani na kushuka hadi Maralal ni kama kilomita 500. Gari zito kwenye mchanga laweza kunywa lita 20 au zaidi kwa kila kilomita 100, kwa hiyo lita 100 ndizo za safari yenyewe, na nusu yake tena ndiyo ya kupotea, kunasa na kurudi nyuma. Lita 150 kwa gari moja si anasa.

Matairi ndiyo yanayowagawa watu wanaotoka mjini. Kwenye mchanga upepo hupunguzwa, kutoka kama psi 35 za barabarani hadi 20 au hata 18, ili tairi litandazike na lisizame. Chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi wakati wa kukata kona. Lakini kati ya Marsabit na Loiyangalani kuna maeneo mapana ya mawe meusi ya volkano yenye makali, na tairi lililolegea kwenye mawe hayo hupasuka ubavuni, mahali ambapo pancha haizibiki. Dereva hulazimika kutoa upepo na kuujaza mara kadhaa kwa siku, na kundi lisilo na pampu inayofanya kazi litaacha kufanya hivyo likichoka, kisha litalipia. Kila gari libebe matairi mawili ya akiba, kipimo cha upepo, na pampu ya kuchomeka kwenye betri ambayo imeshajaribiwa kwa kujaza matairi yote manne, si moja tu.

Zoezi la kujinasua lifanyike nyumbani, na hapa sisi wa kandokando ya ziwa tuna bahati, kwa kuwa mchanga tunao. Sisi tulienda kwenye mwalo mmoja wa Ilemela Jumamosi jioni, tukaizamisha gari makusudi mpaka ekseli ikagusa mchanga. Katika nusu saa ya kwanza tuligundua kwamba koleo letu lina mpini mrefu usioingia chini ya gari, kwamba kamba ilikuwa chini ya mizigo yote, na kwamba jeki, kila ikipandishwa, ilikuwa ikizama yenyewe badala ya kuinua gari. Mvuvi mmoja aliyekuwa akiziba mtumbwi wake alitutazama kwa muda, akatuletea kipande cha ubao kilichobaki kwenye matengenezo, akakiweka chini ya jeki bila kusema neno. Ubao ule, wenye upana wa kama shibiri mbili, bado tunasafiri nao. Zoezi hilohilo lifundishe pia kwamba kamba inapovutwa kwa nguvu watu wote husimama mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe, kwa maana kamba au ndoano ikikatika huruka kwa nguvu ya kuua.

Mwendo wa msafara ukubaliwe kabla. Kila dereva anawajibika kwa gari lililo nyuma yake. Asipoliona katika kioo baada ya dakika chache husimama, na kwenye njia panda hakuna anayeendelea mpaka wa nyuma ameonekana. Kilomita 100 hadi 150 kwa siku zinatosha. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, pumzikeni kivulini tangu saa sita hadi saa tisa, na mahema yawe yamesimama kabla ya saa kumi na moja na nusu. Simu hazishiki mahali pengi, hivyo ramani ipakuliwe kwenye simu mbili tofauti na nyingine ya karatasi iwepo, na ikiwezekana mkodi simu ya setilaiti. Redio za mkononi zinasaidia sana kwenye vumbi, ila ulizeni mapema kuhusu kibali chake katika nchi zote mbili.

Katika sanduku la dawa kuna jambo ambalo vitabu vya jangwani havimwandikii mtu wa Mwanza. Joto hudhuru kwa namna nyingi, na kila mtu ataambiwa habari za kiu, kichwa kuuma na kuishiwa nguvu. Lakini anayetoka ukanda wa ziwa anaweza kuwa ameumwa na mbu wiki moja au mbili kabla ya kuondoka, na homa ikimpanda akiwa Kalacha wenzake watasema ni jua. Bebeni vipimo vya haraka vya malaria pamoja na dawa ya mseto mliyoandikiwa na mtaalamu, na homa ya jangwani ipimwe kabla ya kupewa jina. Pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini ziwe nyingi. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitafaa. Mtu aliyechanganyikiwa, mwenye ngozi ya moto sana, amwagiwe maji na kupepewa papo hapo, na hayo ndiyo matumizi pekee ambayo mtu mliyempa kazi ya kusimamia maji ya kundi hana ruhusa ya kuyapinga. Viatu vikung'utwe kila asubuhi kwa ajili ya nge.

Chakula hakisumbui, kwani Wasukuma walishafanya kazi hiyo zamani. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, havihitaji barafu, dagaa wakavu hawaozi kwa wiki, na unga upo. Kasoro yao ni kwamba vingi vinataka maji ya kupikia, kwa hiyo milo ipangwe ili chungu kimoja kitoshe, na maji yaliyochemshia michembe yanyweke badala ya kumwagwa. Nyanya na ndizi ziliwe siku mbili za kwanza. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na kwetu tangu 2019. Viroba vinatosha, na kimojawapo kirudi na taka zote.

Kambi isiwekwe ndani ya korongo hata likiwa kavu namna gani, maana mvua ya mbali huweza kuleta maji usiku, wala isiwekwe kando ya kisima, ambako mifugo itazuiwa na harufu yenu. Upepo wa upande wa Loiyangalani usidharauliwe: mitambo 365 ya umeme wa upepo haikuwekwa pale bure. Kamba nyembamba na vigingi vya waya havitafaa. Tafuteni vigingi virefu vya chuma, na hema likingwe kwa gari.

Nyaraka zinaelezeka kwa ufupi: pasipoti, kadi halisi ya gari au barua ya mmiliki, bima ya gari ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika) iitwayo kadi ya njano, kibali cha muda cha forodha kinachotolewa mpakani, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Fedha za pamoja zishikwe na mweka hazina mmoja, na kiongozi achaguliwe kabla ya kuondoka, kwa makubaliano kwamba neno lake la kugeuza msafara halijadiliwi njiani.

Karatasi ya mwisho huachwa kwa mtu anayebaki Mwanza, asiyesahau wala kuogopa kupiga simu. Iwe na majina ya wasafiri, namba za magari, kituo cha kila usiku, namba za polisi wa Marsabit na za mwenyeji wenu wa Loiyangalani, pamoja na saa ambayo, asipopata ujumbe wowote, ataanza kuuliza. Sisi huandika saa mbili usiku wa siku ya sita, kwa wino mwekundu, na dada yetu anayeishika huibandika kwenye mlango wa friji.