Mgongo wazi au uliofungwa: ninavyozilinganisha hedifoni zangu Manyatta

Vijana wanaokuja kurekodi kwangu hapa Manyatta, Kisumu, huziona hedifoni mbili zikining'inia kwenye msumari na kuuliza: "Ipi kali?" Huwa sijibu. Namvalisha mmoja wao ile yenye mgongo wazi, nacheza wimbo, halafu namwambia afunike vikombe kwa viganja. Papo hapo mwimbaji aliyekuwa mbele yake anatumbukia ndani ya debe. Akiondoa mikono, anatoka.

Sababu ni hewa. Kiwambo cha spika kikitikisika husukuma hewa pande mbili, mbele kwenye sikio na nyuma. Mgongo wazi una wavu, kwa hivyo sauti ya nyuma inajiendea zake. Mgongo uliofungwa unaizuia. Inagonga ukuta wa kikombe na kiasi chake kinarudi sikioni kimechelewa kidogo, ndiyo maana unahisi umekaa katika chumba kidogo. Kampuni ya Sennheiser ndiyo iliyofungua mlango wa mgongo wazi kwa wateja wa kawaida mwaka 1968 kwa hedifoni ya HD 414, ile yenye sponji za manjano.

Zangu ni Beyerdynamic DT 990 Pro, wazi, na Audio-Technica ATH-M50x, iliyofungwa. Ukizichomeka kwa zamu bila kugusa kitufe cha sauti, umeshapotea. Ile ya kwanza ni ya ohm 250 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme), ya pili ni ya ohm 38, na ya pili italia kwa nguvu zaidi. Sikio nalo ni mlaghai: kinachosikika kwa nguvu kidogo tu hulidanganya likasema ni "safi" au "kina uhai". Nimewahi kuisifu M50x wiki nzima kwa kosa hilo.

Kwa hivyo sawazisha kwanza. Mimi nilikata kipande cha boksi la viatu, nikatoboa tundu dogo, nikabandika simu kwa nyuma maiki ikitazamana na tundu. Kikombe kinalazwa juu ya boksi, mto wake ukikaa vizuri pande zote, kisha napiga ile kelele ya kufoka kama mvua ya Aprili juu ya mabati. Programu nyingi za kurekodi zinaweza kuitengeneza. Simu ina programu ya bure ya kupima desibeli. Namba yenyewe usiiamini sana, kwa sababu maiki ya simu haikuundwa kwa kazi hiyo. Unachotaka ni hedifoni zote mbili zisome namba ileile. Nilipoipata, niliweka alama mbili kwenye kitufe kwa ule wino mweupe wa kufutia makosa, moja ya kila hedifoni. Alama zipo mpaka leo.

Sasa sikiliza kitu ambacho umewahi kukisikia kikipigwa mbele yako. Mimi hutumia nyatiti niliyoirekodi mwenyewe. Ina nyuzi nane, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inayogonga mbao, na njuga mguuni. Besi, katikati na juu vyote vimo, tena najua mzee aliketi wapi. Cheza sekunde 20 tu, badilisha, rudia. Wimbo mzima ukiisha, ulichosikia mwanzo umeshakisahau.

Kwenye mgongo wazi njuga zinakaa mbali na nyuzi, karibu ningeweza kukuonyesha mguu ulipokuwa. Kwenye iliyofungwa vinasogeleana, lakini pete inapogonga mbao naihisi shingoni. Hapo kuna mtego: njuga za DT 990 zinachoma, na hilo si kosa la mgongo wazi. Modeli hiyo imepandishwa sauti za juu. HD 600 ya Sennheiser, ambayo nayo iko wazi, haichomi hivyo. Usilaumu aina nzima kwa tabia ya mmoja.

Besi ya iliyofungwa hutegemea mto kuziba vizuri. Penyeza kidole kati ya mto na shavu, usikie besi inavyokimbia. Fremu nene ya miwani hufanya vivyo hivyo, na rasta nene pia. Mteja akiniambia M50x haina besi, huwa namtazama kichwani kwanza.

Rudia yote hayo kukiwa na fujo. Jirani yangu ni fundi wa mageti, na saa nne asubuhi grainda yake inaingia kwenye mgongo wazi kama vile sijavaa chochote. Mara ya kwanza nilijikuta nimepita alama nyeupe mbali sana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika desibeli 80, kwa hivyo mchana navaa iliyofungwa. Inakata ule mlio mkali wa grainda; ngurumo ya lori bado inapita.

Jaribio la mwisho nililifunzwa na hasara. Nilimvalisha mwimbaji wa kwaya DT 990 kwa sababu iliyofungwa ilikuwa imekatika waya. Aliimba vizuri sana. Usiku nikiisikiliza rekodi, pale vyombo vinaponyamaza na yeye anabaki peke yake, nikasikia tik, tik, tik: mdundo wa kuhesabia ulivuja kutoka masikioni mwake hadi kwenye maiki. Ilibidi arudi kutoka Ahero, nauli juu yangu. Wewe shikilia hedifoni mahali pa kichwa cha mwimbaji, cheza mdundo, rekodi, kisha usikilize ulichonasa.

Kama pesa ni za moja na unarekodi sauti za watu, nunua iliyofungwa, usizunguke. Ya wazi ni ya kuchanganya nyimbo usiku, fundi amelala, na ninaipenda zaidi. Lakini chumba chetu ni kimoja, na kinachovuja kina msikilizaji. Mke wangu huamka akiimba korasi za wateja wangu kabla wenyewe hawajazisikia.