Viza ya kazi Ufaransa: ithibitishe kabla ya miezi 3

Ukiingia Ufaransa kwa viza ndefu ya kazi iliyoandikwa VLS-TS (viza inayotumika pia kama kibali cha kuishi), una miezi 3 kuithibitisha mtandaoni, kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Andaa namba ya viza, tarehe uliyoingia, anwani yako ya huko na kadi ya benki ya kulipia stempu ya kodi (ada ya serikali).

Wengi hukwama kwenye anwani. Kama umefikia kwa ndugu, mwombe barua iitwayo attestation d'hébergement (inayothibitisha kuwa unaishi kwake), nakala ya kitambulisho chake na bili ya umeme ya karibuni. Benki nayo huzidai ukienda kufungua akaunti. Usingoje wiki ya mwisho, tafadhali: muda ukipita unahesabika huna kibali, na ukitoka eneo la Schengen (nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani) hutarudi kwa viza hiyo.