Unatafuta mtoto kwa njia ya hospitali? Hivi ndo unavyoweza kupata hela na watu wa kukushika mkono

Wapendwa, hii naandika kwa wale ambao daktari ameshataja IVF (yai la mama na mbegu ya baba vinaunganishwa maabara, halafu vinapandikizwa kwenye kizazi), mkatoka nje mkakaa kwenye benchi na hakuna anayeongea. Mi na mume wangu tulikaa hivyo hivyo hapa Dar, na kosa letu lilikuwa kuibeba ile bei kama mzigo mmoja. Mzigo wa mamilioni hakuna ndugu wa kukupokea, ila ukiukata vipande kila kipande kinapata mtu wake.

Anza kwa kudai mchanganuo wa maandishi. Usikubali kuambiwa tu "ni paketi", uliza ndani kuna nini: ultrasaundi za kufuatilia mayai, sindano za kukuza mayai (hizi zinaweza kuwa nje ya paketi na ndo zinaumiza mfuko, unachoma kila siku kama siku 8 hadi 14 na dozi inaweza kupandishwa katikati), dawa ya usingizi siku ya kutoa mayai, maabara, kupandikiza, na vikibaki viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa) kuvigandisha na kuvitunza kwa mwaka ni shingapi. Uliza pia wakisitisha katikati kwa sababu mayai hayajakua, unarudishiwa nini. Hilo la mwisho sisi hatukuuliza.

Halafu faili. Kila jibu liingie humo na ulipige picha kwa simu, sisi kuna maabara ilipoteza majibu ya homoni tukalipa upya. Na baba apimwe mbegu mwanzo kabisa, akae siku 2 hadi 7 bila tendo ndo aende. Kuna dada zetu wamepigwa picha ya mirija, wamemeza klomifeni, vile vidonge vya kuchochea mayai, miezi na miezi, mume hajapimwa bado, jamani hiyo nayo ni hela inapotea.

Bima nyingi IVF haziigusi, ila kadi usiiache nyumbani. Kumuona daktari bingwa, ultrasaundi ya kawaida, uvimbe kwenye kizazi, maambukizi, hivyo vinaweza kulipiwa kwa sababu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Nenda dirishani na jina la kipimo uulize kimoja kimoja, usiulize "mnalipia uzazi?" maana utajibiwa hapana na utaondoka.

Kama umeajiriwa, sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya miezi 36, zile 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Unatakiwa kuwa na cheti cha daktari. Mwambie kabisa asiandike mambo ya ndani kuliko unavyotaka yajulikane ofisini.

Kwenye kikundi, iwe VICOBA au mchezo wa kupokezana, omba mapema zamu yako iangukie mwezi wa sindano. Mkopo wa SACCOS ni sawa, ila piga hesabu ya marejesho kama vile majibu yatakuwa hasi, ukiona hayabebeki subiri. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, na mikopo ya kwenye simu usiguse kabisa. Na hizi dawa za kusafisha kizazi zinazouzwa mitandaoni, mi nimenunua, hela yake ingetosha sindano za siku kadhaa.

Sasa watu. Dada yangu mkubwa nilikuwa namwambia tuombeeni tu, na alikuwa anaomba kwa moyo wake wote, hakujua kuna kitu cha kulipia. Siku nilipomwambia "dada nilipie sindano za siku 3" alituma jioni ile ile. Jirani nilimuomba friji, maana sindano nyingine zinatakiwa nyuzi 2 hadi 8 na umeme kwetu ulikuwa wa kukatika. Kwenda kliniki nilizibeba kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, barafu chini, kitambaa kimekunjwa katikati, sindano juu, zisigusane na barafu kwa sababu zikiganda zimeharibika.

Upande wa mama mkwe na mawifi aongee mume, sio wewe. Aseme tunatibiwa wote wawili, aishie hapo. Na zile wiki mbili za kusubiri kipimo chagua mtu mmoja tu atakayepewa majibu, wengine atawaambia yeye, usijikute unarudia habari hiyo hiyo kwenye simu kumi huku unalia.

Yakiwa hasi, kama yetu ya kwanza, rudi kwa daktari akueleze raundi ilikwendaje. Uliza mapema kama kikao hicho unalipia, weka hela yake na nauli pembeni, na beba lile faili.