Kunyoosha madigadi ya Land Rover ya zamani

Bodi ya Land Rover za zamani sehemu kubwa ni aluminiamu, na hapo ndipo fundi aliyezoea chuma huiharibu. Ikigongwa sana hukakamaa, kisha hupasuka. Ilainishe kwanza: kwangua rangi yote, paka sabuni ya mche, pitisha moto wa gesi taratibu. Sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea, ondoa moto mara moja. Aluminiamu huyeyuka bila kuwa nyekundu.

Jizoeze kwa kipande cha aluminiamu cha sentimita 30 juu ya mfuko wa turubai wenye mchanga mkavu wa korongoni, ambao Dodoma haukosekani. Gonga kwa nyundo ya mti, ukizunguka kutoka nje kuelekea katikati. Mlio ukiwa mkali na nyundo ikidunda, rudia moto. Makunyanzi ya ukingoni yalaze mapema, kabla hayajajikunja.