Kompyuta ya Mezani Haiwaki? Usikimbilie Kununua Pawa Saplai

Mtu akinipigia simu kuniambia kompyuta yake haiwaki, namuuliza kwanza: ukibonyeza swichi, hakuna kabisa kinachotokea? Feni haishtuki, taa haiwaki, hakuna mlio? Wengi husema "haiwaki" kumbe mashine inanguruma vizuri, ila kioo ndicho cheusi. Hayo ni magonjwa mawili, na ukiyachanganya utanunua vifaa bure.

Iliyokufa kimya ianzie ukutani. Achana na ekstensheni, chomeka moja kwa moja kwenye soketi uliyoijaribu kwa taa au chaja. Taa nyekundu ya ekstensheni si ushahidi kwamba kila tundu lake linatoa umeme. Waya wa kompyuta badilishana na wa monita, mara nyingi ni wa aina moja. Na kama plagi ni ya miguu mitatu bapa, kagua fyuzi iliyo ndani yake. Kisha inama nyuma ya kasha: ile swichi ndogo yenye I na O iwe upande wa I. Ufagio tu unatosha kuizima. Pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) za zamani zina pia kiswichi cha volti 115 na 230. Hicho usikichezee, kikiwa kwenye 115 na umeme wenu ni wa 230, utasikia mlipuko.

Bado? Chomoa waya, shikilia swichi ya mbele kama sekunde 30, kisha rudisha waya na ujaribu tena. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, pawa saplai huweza kujifunga ili kujilinda, na haifunguki mpaka chaji iliyobaki ndani iishe.

Sasa fungua ubavu wa kasha, waya ukiwa umechomolewa. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili utoe umeme tuli mwilini. Mazabodi (bodi kubwa inayounganisha vifaa vyote) nyingi zina kitaa kidogo kinachowaka hata mashine ikiwa imezimwa. Rudisha waya ukitazame. Kikiwaka, volti 5 za kusubiri, zile zinazobaki mashine ikiwa imezimwa, zinafika, na hapo mimi namshuku mtu asiyeshukiwa na yeyote: swichi ya mbele. Fuata nyaya zake mbili nyembamba mpaka kwenye pini, kwa kawaida kwenye ukingo wa chini wa mazabodi, kwenye kiplagi kilichoandikwa POWER SW. Kichomoe, kisha kwa ncha ya bisibisi gusanisha zile pini mbili kwa sekunde moja, hizo tu, usiteleze. Mashine ikiwaka, kilichokufa ni kitufe. Chukua waya wa kitufe cha "reset" uuchomeke pale, maisha yaendelee. Nashangaa mafundi wanaoruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye bei ya pawa saplai mpya.

Isipowaka, ndipo zamu ya pawa saplai. Zima umeme, chomoa plagi zake zote kwenye vifaa, kisha kwenye ile kubwa ya matundu 24 unganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya. Kama zote ni nyeusi, tundu la 16 ndilo la kijani na la 17 ni ardhi. Tumia mchoro, usikisie. Washa. Feni yake ikizunguka, walau inaamka. Ila kuamka si kuwa mzima: pima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), waya wa njano utoe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Zipo pia ambazo feni yake haizunguki mpaka zipate joto, kwa hiyo amini kipimo kuliko macho.

Feni zikigeuka kidogo kisha zikazima, tafuta shoti. Hakikisha plagi ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta), ya matundu 4 au 8 karibu nayo, imeingia mpaka ikalia. Halafu vua kila kitu, ubakize prosesa na kipoozea chake pamoja na ramu (kijiti cha kumbukumbu) moja, kisha rudisha kimoja kimoja, ukichomoa umeme kila mara. Angalia na matundu ya USB ya mbele: vyuma vyake vikipinda na kugusana, mashine nzima hugoma. Vilevile skrubu iliyodondoka chini ya mazabodi.

Na ile yenye kioo cheusi? Tazama kebo ya monita imechomekwa wapi. Kama kuna kadi ya picha, ichomekwe kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Kisha toa ramu, futa meno yake kwa kifutio safi cha penseli, uirudishe mpaka vibano vilie pande zote. Betri ya duara ya CR2032 ikishuka sana chini ya volti 3, ibadilishe. Milio ya bipu ihesabu, ulinganishe na kitabu cha mazabodi yako, maana kila kampuni ina hesabu yake.

Ukisikia harufu ya kuungua au ukaona kapasita (vikopo vidogo vinavyotunza chaji) zimevimba vichwa, acha kuwasha. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake hubaki na chaji hatari hata baada ya kuchomolewa. Ng'oa nzima, weka nyingine yenye wati zisizopungua za awali.