Somo: Kupima thamani ya sarafu ya fedha iliyolika, kutobolewa au kulehemiwa

Sarafu nyingi za fedha zinazoletwa kwa masonara wa Bukavu hazikutoka kwenye sanduku la mkusanyaji. Zimetoka kwenye mikufu ya mabibi, zimetobolewa, zimesuguliwa kwa jivu, nyingine zina kipete kilicholehemiwa juu ya kichwa cha mfalme. Mwenye nayo huuliza, “Hii ni bei gani?” Jibu linategemea bei mbili: bei ya chuma chenyewe, yaani fedha iliyomo, na bei ya mkusanyaji wa sarafu. Uharibifu karibu haugusi ile ya kwanza, lakini ya pili unaweza kuimaliza kabisa. Kwa hiyo ujue kwanza sarafu yako inauzwa kwa bei ipi, ndipo uhesabu hasara.

Hatua ya 1: Usiisafishe. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ili jasho na udongo vitoke, kausha kwa kubonyeza kitambaa laini, basi. Dawa ya meno, limao na jivu huacha mikwaruzo midogo inayoonekana chini ya kioo cha kukuzia, na mkusanyaji akiiona anashusha bei palepale.

Hatua ya 2: Itambue. Hapa kwetu hurudi zilezile chache:

Franga 5 za Dola Huru ya Kongo, zenye kichwa cha Leopold II na maneno TRAVAIL ET PROGRES: gramu 25, fedha sehemu 900 kwa 1000, upana milimita 37. Za franga 2, franga 1 na santimu 50 zina uzito wa gramu 10, 5 na 2.5, fedha 835.

Rupia ya Kihindi hadi 1939, na rupia ya Wajerumani wa Afrika Mashariki (1890 hadi 1914, Kaisari amevaa kofia ya chuma yenye tai): zote gramu 11.66, fedha 917. Wauza dhahabu hawahitaji kukariri namba hiyo, maana rupia moja mpya ni tola moja, kile kipimo cha Kihindi cha kupimia dhahabu.

Franga 50 za Kongo ya Wabelgiji za 1944, zenye tembo: gramu 17.5, fedha 500.

Riale ya Maria Theresa: gramu 28.07, fedha 833.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba, 1921 hadi 1946: gramu 7.78, fedha 250 tu. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, haina fedha hata chembe.

Chunga rupia za George VI. Za 1940 hadi 1945 ni nusu fedha. Za 1947 ni nikeli tupu, na hizo hunata kwenye sumaku.

Hatua ya 3: Pima uzito. Tumia mizani ya dhahabu inayosoma hadi gramu 0.01, siyo ya nyanya. Sarafu iliyolika kwa kupita mikononi hupoteza asilimia 2 hadi 4, mara chache zaidi. Rupia yenye gramu 11.3 ni ya kawaida. Ikishuka chini ya 11 huku nywele za mfalme bado zinasomeka vizuri, tazama ukingo: huenda umekerezwa kwa tupa, au sarafu ni bandia.

Hatua ya 4: Pima kwa maji. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayokamata bandia. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki (wa pamba unanyonya maji) na uizamishe yote bila kugusa chini wala ubavu. Gawanya uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba inayoonekana. Mfano: rupia ya gramu 11.40, mizani inasoma 1.11, 11.40 gawa kwa 1.11 ni 10.27. Fedha ya 900 au 917 hutoa karibu 10.3, ya 833 karibu 10.2, ya 500 karibu 9.7, ya 250 karibu 9.3. Shaba na nikeli ni 8.9. Shaba ya njano huwa 8.5 hivi, risasi ni 11.3.

Kosa la kawaida ni mapovu. Povu likishika kwenye herufi, maji yanasukumwa zaidi, namba ya mizani inapanda, na jibu linashuka hadi fedha nzuri inaonekana mbaya. Tone moja la sabuni ndani ya maji linatosha. Rudia mara tatu. Kwa sarafu ndogo ya gramu 2.5 kipimo hiki hakiaminiki sana, maana kosa la gramu 0.01 tu linageuza jibu lote.

Hatua ya 5: Tazama palipoumia. Ukingo wa tundu ni dirisha zuri. Kama ndani ya tundu kuna wekundu au manjano na juu ni nyeupe, sarafu imepakwa fedha tu.

Hatua ya 6: Hesabu. Uzito zidisha kwa usafi zidisha kwa bei ya gramu. Bei ya dunia hutajwa kwa ounsi ya gramu 31.1, na hubadilika kila siku, kwa hiyo gawanya kwanza. Tuseme, kwa urahisi wa hesabu tu, gramu ni dola 1: rupia ya 11.30 × 0.917 ni dola 10.36. Sonara atakata gharama ya kuyeyusha na faida yake, ni haki yake. Akitaja chini ya nusu ya hesabu yako, funga kitambaa uende kwa mwingine.

Hatua ya 7: Kabla ya kukubali bei ya chuma, jiulize kama sarafu ni adimu. Franga 5 za Leopold, hasa za 1887, na rupia 2 za Wajerumani za 1893 na 1894 huwa juu ya bei ya chuma hata zikiwa na tundu. Asiwepo mtu wa kuziyeyusha. Kwa sababu hiyo hiyo ndizo zinazoigizwa sana, basi hatua ya 3 na ya 4 ni lazima kwazo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Kadutu: Rupia yangu ina tundu la kamba. Nimepoteza kiasi gani cha fedha?

Jibu: Mama, kidogo sana. Tundu la milimita 2 linaondoa kama gramu 0.05. Kwa sonara halina maana, asilitumie kukushusha. Kwa mkusanyaji ni jambo lingine. Rupia ya kawaida ikishatobolewa, hana haja nayo.

Kijana wa Bagira: Kipete kilicholehemiwa, nikikate?

Jibu: Tazama lehemu kwanza. Ikiwa ya kijivu na laini, inakwaruzika kwa kucha, ni ya bati na risasi. Risasi ikiingia kwenye fedha inayoyeyushwa inaifanya ivunjike chini ya nyundo, ndiyo sababu sonara anakata bei. Kwa sarafu ya kawaida, kata kipete kwa koleo, kwangua lehemu, ndipo upime. Pia kipimo cha maji hudanganya kipete kikiwepo. Kwa sarafu ya Leopold usiguse kitu.

Yaya wa Ibanda: Nilifunga riale zangu kwa mpira wa baiskeli, zimekuwa nyeusi. Zimeharibika? Na zinaonyesha 1780, si ni za kale sana?

Jibu: Mpira una salfa, na salfa ndiyo huifanya fedha iwe nyeusi. Weusi huo ni juu tu, fedha haijapungua. Zihamishie kwenye karatasi au pamba. Kuhusu mwaka, pole: riale hizo ziliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile ya 1780 kwa miaka mingi baada ya malkia Maria Theresa kufa. Nyingi huuzwa kwa chuma chake, yaani gramu 23.4 za fedha safi kila moja ikiwa haijalika.

Papa wa Nyawera: Shilingi ya simba imetoka wekundu kwenye kifua cha simba. Muuzaji anasema ni bandia.

Jibu: Siyo lazima, Papa. Shilingi ya fedha 250 ina shaba nyingi. Ngozi ya juu, yenye fedha zaidi, ikilika, wekundu hutokea kwenye sehemu zilizoinuka kwanza, na kifua cha simba ni mojawapo. Soma mwaka: ikiwa 1946 au kabla, na maji yakatoa karibu 9.3, ni halali. Lakini ndani yake kuna gramu 1.9 tu za fedha, kwa hiyo subiri uwe na kilo yake ndipo umtafute sonara.