Kustaafu kwa hiari na miaka 55 huku una pati taimu: namna ya kuomba bila kukwama (mwalimu wa Mwanza)

Walimu wenzangu, na watumishi wengine mnaochungulia kustaafu mapema, hii ni yenu. Nimetoka kuimaliza hii safari juzi juzi hapa Mwanza na bado nina joto nayo, kwa hiyo mtanisamehe nikilalamika katikati ya maelekezo. Sheria mnaijua, 60 unatoka utake usitake, 55 unaruhusiwa kuomba mwenyewe. Fomu hazitutishi, tumejaza fomu maisha yetu yote. Shida iko kati ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza, pale katikati kuna shimo, na wengi wetu tunaosema "nitastaafu halafu nipige pati taimu shule binafsi" tunapiga hesabu ya pensheni, tunapiga hesabu ya vipindi, shimo hatulihesabu. Na ukubwa wa hilo shimo unategemea faili lako limekaaje kabla hujaandika barua. Faili kwanza, barua baadaye.

Sasa faili. Watu wa PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, watakutaka barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, barua ya cheo ulichonacho mwisho, salari slipu, kibali cha kustaafu, picha, kitambulisho cha NIDA na taarifa za benki. Ukiisoma hiyo orodha unaona rahisi. Barua ya ajira ya kwanza ndo iliyonitoa jasho, na ngoja nieleze kwa nini wanaing'ang'ania, maana mwanzoni nilidhani ni usumbufu tu. Sisi wa serikali tuliokuwa PSPF, mfuko wa zamani kabla ya PSSSF, michango ilianza kukatwa Julai 1999 mfuko ulipoanza. Kama uliajiriwa 1995 au 1997, ile miaka ya kabla ya hapo haionekani kwenye taarifa ya michango, inahesabiwa kwa sababu serikali inaitambua, na ushahidi wako kwamba ulikuwepo kazini ni ile barua. Bila barua, miaka yako ya ujana ya kushika chaki kijijini inaning'inia hewani.

Basi nikaenda kwenye masijala ya ofisi moja, siitaji. Dada wa pale akanitolea jalada langu, limefungwa na kamba, akalifungua, tukaanza kupekua. Karatasi ya kwanza imeandikwa folio 1, nikafurahi, kumbe ni barua ya likizo ya mwaka 2009. Hilo lilikuwa jalada la pili. Jalada likijaa wanalifunga wanafungua lingine, na lile la kwanza "lipo stoo", na stoo yenyewe ufunguo uko kwa mtu ambaye yuko semina. Akirudi semina yuko likizo. Akirudi likizo stoo imehamishwa. Hapo usikasirike, watu wa masijala ukiwakasirikia faili linazidi kupotea.

Kilichoniokoa ni hiki na ndo naomba mkishike kuliko vyote: chukua barua yoyote ya zamani uliyonayo, mimi nilikuwa na ile ya kuthibitishwa, angalia chini kabisa palipoandikwa "Nakala". Kila aliyetajwa pale ana faili lako dogo mahali fulani. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ukerewe, nikapanda meli ya kwenda Nansio, nikaenda kwenye ile shule, na mkuu wa shule wa sasa, kijana ambaye nadhani alikuwa hajazaliwa mimi naripoti pale, akafungua kabati la chuma akatoa bahasha ya kaki yenye jina langu na barua iko ndani imekula vumbi lakini mhuri unasomeka. Fotokopi, nikarudi nayo ikathibitishwa. Kwa hiyo kabla hujaanza kugombana na stoo ya wilayani, nenda kituo ulichoanzia. Shule hazitupi makaratasi, hazina hata muda wa kuyatupa.

Jambo la pili ni majina, na hapa sisi wa Kanda ya Ziwa tuna balaa letu wenyewe. Majina yanayoanza na Ng'wa. NIDA wameweka kile kialama juu, kwenye barua ya ajira mtu wa taipu aliruka, kwenye mfuko wameandika Ng bila kialama, na sistimu ya benki ukiweka kialama inakataa kabisa inasema herufi batili. Kwenye macho yako ni jina moja, kwenye kompyuta ni watu watatu. Tofauti ndogo kama hiyo wengi wanamalizia kwa hati ya kiapo kwa wakili, lakini kama jina lenyewe ni lingine, mfano uliajiriwa kwa jina la baba ukaja kutumia la mume, utaambiwa ulete ile hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo ina foleni yake. Uliza kwanza wanataka ipi, wakuandikie hata kwenye kikaratasi, ndo uende kulipa. Ukienda kichwa kichwa utalipa kiapo, halafu wa dirishani akuambie hiki hakifai.

Tarehe ya kuzaliwa usiiguse. Inayotumika ni ile uliyojaza ulipoajiriwa, basi. Wenzetu wengi wa umri wetu walizaliwa tarehe 1 Julai, yaani mwalimu aliyekuandikisha darasa la kwanza ndo alikuzaa upya, na hiyo hiyo ndo itakustaafisha.

Kisha pakua taarifa ya michango, ipo kwenye mtandao wa PSSSF au kwenye programu yao ya Kiganjani, na uipitie mwezi kwa mwezi kwa kalamu nyekundu kama unasahihisha daftari. Mapengo mengi yanakuwa pale ulipohama halmashauri. Ukiona pengo tafuta salari slipu ya mwezi huo inayoonyesha ulikatwa. Na usiseme "ni miezi michache tu", hebu ona hesabu.

Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia pensheni, kinakwenda hivi: wastani wa mishahara yako bora ya miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho, kwa mwaka, unazidisha na miezi uliyotumikia, unagawa kwa 580. Tuseme mshahara ni 1,200,000, kwa mwaka ni 14,400,000. Ukitoka na 55 ukiwa na miezi 336 inakuja kama 8,342,000 kwa mwaka, yaani karibu 695,000 kwa mwezi kabla mkupuo, ile pesa ya mara moja, haujamegwa humo. Ukisubiri mpaka 60 miezi inakuwa 396, mshahara tuuache hapo hapo, inakuja kama 819,000. Tofauti, bado kabla ya mkupuo, ni kama 124,000 kila mwezi. Mkupuo ni ile ya mwaka unazidisha 12.5 halafu unachukua asilimia yako, ambayo ilikuwa 33 tangu Julai 2022, na kwenye bajeti ya 2024/25 ikapandishwa kuwa 40 kwa sisi tuliokuwa tunapata 50 zamani, na 35 kwa wale waliokuwa wanapata 25. Kwa mfano huo huo mkupuo wa asilimia 40 ni kama milioni 41.7 ukitoka 55, na milioni 49 na kidogo ukitoka 60. Na ile miezi ya pengo: miezi 12 ikikosekana ni karibu 24,800 kila mwezi kabla ya kumega mkupuo, na kinachobaki unakikosa maisha yako yote. Usisahau pia kwamba bila miezi 180 ya michango pensheni ya kila mwezi hakuna.

Kwa hiyo swali la pati taimu ni moja, je hivyo vipindi vinaziba ile 124,000 pamoja na mshahara unaouacha? Kwa mwalimu wa fizikia au hesabu jibu mara nyingi ni ndiyo, shule binafsi kuanzia Buswelu mpaka Nyegezi zinawatafuta. Mwalimu wa masomo ya sanaa, pima mara mbili.

Barua yenyewe ni fupi. YAH: kuomba kustaafu kwa hiari, husika na kichwa cha habari hapo juu, taja tarehe ya kuzaliwa, ya kuajiriwa, na tarehe unayotaka kutoka. Ipeleke miezi sita kabla, au zaidi kama unaweza. Inapita kwa mkuu wa shule, afisa elimu, mkurugenzi, na kwa sisi walimu kibali kinapitia TSC, Tume ya Utumishi wa Walimu. Kila mahali unapoiacha gonga mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Usikubali "acha tu mwalimu, nitaishughulikia". Anayesema hivyo ni mtu mzuri sana na ndo huyo huyo atakayesema hajaiona.

Kabla ya kuipeleka nenda benki. Kama una mkopo wa mshahara uliopangwa kuisha ukiwa na 59, ukitoka 55 salio halipotei, na makato hayana mshahara wa kukatwa tena. Waombe barua ya salio na mkubaliane litalipwaje, vinginevyo mkupuo utaingia asubuhi na nusu yake imeondoka kabla hujapata chai. Na wale wa mikopo ya kausha damu, ya riba ya kuumiza, malizana nao kabisa ungali na mshahara.

Ukishapata kibali, peleka mafaili PSSSF na uombe wayakague mbele yako karatasi kwa karatasi, usiache bahasha ukaondoka. Kwa kweli pale wakikukuta umekamilika mambo yanakwenda, mimi sikukaa sana, kuliko nilivyokaa huko nyuma. Angalia pia kwamba mwajiri amekuondoa kwenye mishahara kwa tarehe ile ile ya kibali. Mshahara ukiingia baada ya hapo usiule, utaurudisha, na watakusubirisha mpaka uurudishe.

Sasa pati taimu. Ukiwa bado mtumishi usisaini mkataba wowote wa kudumu huko nje, hata kama mwenye shule ni rafiki yako na amekuwekea kiti. Na kwa upande wa kodi pia haikufai, maana ukiwa na mshahara mwingine ajira ya pili inakatwa asilimia 30 bila kubembeleza. Mkataba uanze siku moja baada ya tarehe ya kustaafu, na umwambie mhasibu wao hii ndo ajira yako ya msingi, hapo unakatwa kwa viwango vya kawaida, yaani 270,000 ya kwanza haiguswi, kuanzia hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8. Uliza kama watakuandikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, na nani anabeba ngapi katika ile asilimia 20 ya michango, maana kuna shule zinakutajia "laki tano" halafu zinatoa michango yote kwenye laki tano yako.

Kingine, kataa kulipwa kwa kipindi kama unaweza. Kwa kipindi unaonekana unapata nyingi Februari na Machi, halafu Juni shule inafunga, Novemba kidato cha nne wanafanya mtihani wanaondoka, Desemba hakuna mtu. Omba kiasi kimoja kila mwezi, hata kikiwa kidogo, kwa miezi 12. Nilivyopanga mimi, siku tatu darasani zikifuatana, siku nyingine zangu. Ukikubali Jumatatu, Jumatano na Ijumaa umejirudisha kazini kikamilifu kwa nusu mshahara, kwa sababu hata siku unayopumzika unasahihisha. Na andikeni kwamba zamu, mahafali na vikao vya wazazi havikuhusu. Visipoandikwa vitakuhusu.

Bima ya afya. Mstaafu mchangiaji wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, anaendelea kutibiwa yeye na mwenza wake, lakini watoto wanatoka. Kama una wa mwisho yuko sekondari bado, mtafutie njia mapema, na kadi ya mstaafu iombe mara tu ukipata kibali, ile ya kazini itakufa ghafla na utagundua uko dirishani hospitali.

Pesa ya kuvukia lile shimo, weka ya miezi kadhaa pembeni, mimi nilimpa mke wangu aifiche nisijue iko wapi. Pensheni ikianza kuna uhakiki wa kwamba bado upo hai, siku hizi unafanya kwa simu kwenye Kiganjani, inakupiga picha ya uso, kaa kwenye mwanga mzuri na vua kofia.

Halafu simu. Ukishapeleka mafaili tu zitaanza, mtu mpole anakuita mwalimu, anajua jina lako na ulipofundisha, anasema faili limekwama Dodoma linahitaji kusukumwa kidogo. Hakuna faili linalosukumwa kwa M-Pesa. Kata, na namba uipeleke polisi.